Kufunga choo kwa muda mrefu: Tatizo linalowasumbua vijana kimyakimya

NI tatizo ambalo wengi huona haya kulitaja hata mbele ya daktari. Kijana atazungumza bila kusita kuhusu maumivu ya kichwa, malaria au vidonda vya tumbo. Lakini akikaa siku tano bila kwenda haja kubwa, atanyamaza, anunue tembe katika duka la dawa la mtaani na kutumaini kwamba mambo yatajirekebisha yenyewe.

Kimya hicho kina gharama. Choo kigumu kinachosukumwa kwa nguvu kila siku huleta bawasiri na mipasuko yenye uchungu kwenye njia ya haja kubwa. Wengine huishia kumeza dawa za kuharisha kila juma bila ushauri wa mtaalamu. La kuhofisha zaidi, mara mojamoja tatizo hili huwa ni ishara ya ugonjwa mkubwa ambao hupuuzwa kwa sababu tu mwenye kuugua angali kijana.

Habari njema ni kwamba wengi wa wanaofunga choo wanaweza kupata nafuu bila gharama kubwa, maadamu chanzo kimefahamika na hatua zikachukuliwa kwa utaratibu.

Kufunga choo ni nini?

Watu wengi huamini kuwa mwenye afya njema sharti aende haja kubwa kila siku. Si kweli. Kwa mtu mzima, kwenda mara tatu kwa siku au mara tatu kwa juma yote ni hali ya kawaida, mradi choo ni laini na hakimtesi anapokitoa.

Madaktari hutazama mambo kadhaa kwa pamoja: kwenda haja chini ya mara tatu kwa juma, choo kigumu au cha vidonge, kujikamua kupita kiasi, kuhisi kwamba choo hakikuisha, kuhisi kama kuna kitu kilichoziba njia, na kulazimika kutumia vidole ili kukitoa. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vinavyojulikana kama vigezo vya Roma, vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mtu huhesabiwa kuwa na tatizo sugu iwapo ana dalili mbili au zaidi miongoni mwa hizo katika angalau robo ya safari zake za msalani kwa miezi mitatu, na ikiwa dalili zilianza miezi sita au zaidi kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo, anayekwenda haja kila asubuhi lakini akajikamua nusu saa nzima huenda amefunga choo, ilhali anayekwenda mara tatu kwa juma bila taabu hana ugonjwa wowote.

Umbo la choo pia hueleza mengi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha kipimo chenye aina saba za choo ambacho hadi leo hutumika hospitalini. Aina ya kwanza ni vidonge vigumu vilivyotengana, mfano wa mavi ya mbuzi. Ya pili ni choo kirefu lakini chenye mabonge. Aina hizo mbili huashiria kwamba choo kimekaa tumboni kupita muda wake. Ya tatu na ya nne, ambayo ni laini na yenye umbo la soseji, ndizo zinazotakikana. Zinazofuata huelekea kwenye kuhara.

Safari ya chakula tumboni

Chakula kikishasagwa na virutubishi kufyonzwa katika utumbo mwembamba, mabaki yake huingia katika utumbo mpana yakiwa majimaji. Utumbo huo, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu, hufyonza maji na chumvi na kuyasukuma mabaki polepole kuelekea kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabla ya njia ya kutokea. Kadiri mabaki yanavyokawia humo ndivyo maji yanavyozidi kufyonzwa, na ndivyo choo kinavyokuwa kikavu.

Puru ikijaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo na mtu akahisi haja. Hisia hiyo huwa na nguvu zaidi asubuhi baada ya kuamka na baada ya kula, kwani tumbo linapopokea chakula, utumbo mpana nao huchochewa kusukuma. Mtu akiizuia haja, hisia hupungua na choo hubaki kikikauka. Akiizuia mara nyingi, puru huzoea kutanuka na hisia huchelewa kuja.

Wataalamu hugawa tatizo hili katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa, choo husafiri kwa kasi ya kawaida lakini ni kigumu au hutoka kwa shida. Katika la pili, utumbo wenyewe ni mzito na husukuma polepole mno. Katika la tatu, choo hufika mwisho wa safari vizuri lakini misuli ya sakafu ya nyonga hukaza badala ya kulegea mtu anapojikamua, mithili ya anayesukuma mlango huku ameufunga kwa komeo. Mgawanyo huu una maana kubwa, kwa sababu dawa ya mmoja huweza kuwa sumu ya mwingine.

Kwa nini vijana?

Kufunga choo huwapata zaidi wazee na wanawake. Hata hivyo, maisha ya vijana wa leo yana mambo mengi yanayoualika ugonjwa huu.

La kwanza ni chakula. Anayeanza siku kwa chai na mkate mweupe, akala chipsi mchana na ugali wa sembe kwa kipande cha nyama usiku, amepata shibe lakini hakupata nyuzinyuzi za kutosha. Mahindi yanapokobolewa ili kupata unga mweupe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki katika makapi yanayolishwa mifugo.

La pili ni mazoea ya kuzuia haja. Mwanafunzi wa shule ya bweni huamshwa alfajiri, akapewa dakika chache za kuoga na kukimbilia darasani, huku vyoo ni vichache na milango haifungi. Mhudumu wa bodaboda, dereva wa matatu, bawabu na muuguzi wa zamu ya usiku hawaondoki kazini wapendapo. Katika mitaa ya mabanda mambo ni magumu zaidi. Ripoti ya shirika la Amnesty International ya mwaka 2010 kuhusu mitaa hiyo jijini Nairobi ilieleza jinsi wanawake walivyohofia kushambuliwa wakienda vyoo vya mbali usiku. Mwanamke wa aina hiyo anapojizuia hadi kupambazuke, hakosi maarifa ya afya. Anachokosa ni choo salama.

La tatu ni miraa. Majani na vijiti vyake vina tanini, kemikali ile ile inayoupa mdomo ukakasi, na kufunga choo ni miongoni mwa athari zinazojulikana sana za kuitafuna. Juu ya hayo, miraa huondoa hamu ya chakula, na mtafunaji huweza kushinda saa nyingi bila kula chochote.

La nne ni dawa. Tembe za madini ya chuma wanazopewa waja wazito na wenye upungufu wa damu, dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, baadhi ya dawa za kupunguza asidi tumboni zenye alumini, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na kifafa zote huweza kufunga choo. Anayeshuku dawa yake asiiache ghafla, bali azungumze na aliyemwandikia.

La tano ni kula udongo. Vipande vya udongo mgumu huuzwa katika masoko mengi nchini na kupendwa na wanawake, hasa wenye mimba. Udongo huo hauyeyuki tumboni na huweza kukaza choo. Kwa kuwa hamu ya kuula mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, mwenye hamu hiyo anastahili kupimwa damu badala ya kukemewa.

Hatimaye kuna maradhi yenyewe: tezi ya shingo inapofanya kazi kwa uzembe, kisukari cha muda mrefu, kiwango cha juu cha kalsiamu katika damu, majeraha ya uti wa mgongo na mfadhaiko wa moyo. Mimba nayo huulegeza utumbo, na wapo wasichana waliogundua kuwa ni wajawazito walipoenda kutibiwa tumbo.

Funzo lililotoka Uganda

Mengi yanayofahamika leo ulimwenguni kuhusu nyuzinyuzi yana asili yake Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alianza kazi Uganda mwaka 1946 na kuhudumu kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Jina lake lilivuma kwanza kwa kueleza aina ya saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Mwenzake, Hugh Trowell, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30.

Madaktari hao walitambua kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa nadra miongoni mwa wanakijiji waliowatibu. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet ulinganisho wa uzito wa choo na muda wa safari ya chakula tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa takriban siku moja na nusu. Waingereza waliopimwa walitoa karibu gramu 100, na safari ya chakula chao ilichukua zaidi ya siku tatu.

Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba si kila alichokihusisha Burkitt na nyuzinyuzi kilithibitika. Lakini hoja yake kuhusu choo imesimama. Kejeli iliyopo ni kwamba vijana wa miji ya Afrika Mashariki sasa wanakula kama Waingereza aliowapima.

Nyuzinyuzi: kiasi gani, kutoka wapi?

Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kila siku.

Hakuna haja ya vyakula ghali vya kutoka ng'ambo. Gramu 100 za maharagwe yaliyochemshwa hutoa gramu sita hadi saba za nyuzinyuzi. Kiasi kama hicho cha parachichi hutoa kati ya sita na saba, na mapera zaidi ya tano. Kwa hiyo sahani ya githeri, nusu ya parachichi, mapera mawili na fungu la sukuma wiki au managu humfikisha mtu karibu kabisa na lengo. Muthokoi haufikii githeri kwa kuwa mahindi yake yamekobolewa, ingawa maharagwe yaliyomo husaidia. Uji wa wimbi au mtama, viazi vitamu, nduma, kunde, ndengu na ugali wa unga usiokobolewa vyote ni vya kutegemewa. Mrenda na bamia vina utelezi unaohifadhi maji. Papai, linalosifiwa sana, lina nyuzinyuzi chache kuliko mapera, ila ni rahisi kula kwa wingi.

Tahadhari ni moja: haraka. Anayeruka kutoka mkate mweupe hadi bakuli la maharagwe kwa siku moja atajaa gesi na kuapa kutorudia. Nyuzinyuzi ziongezwe kidogokidogo kwa muda wa majuma mawili hadi manne. Wapo pia ambao zikizidi huwavimbisha tumbo bila nafuu, hasa wenye utumbo mzito au misuli isiyolegea. Hao wasijilazimishe, bali wamwone daktari.

Maji, mwendo na namna ya kuketi

Maji huhitajika ili nyuzinyuzi zifanye kazi. Anayefanya kazi juani Mombasa, Garissa au Turkana anahitaji mengi kuliko aliye Limuru, na mkojo uliokolea rangi ni dalili kwamba hayatoshi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari anakunywa ya kutosha, kuongeza lita nyingine hakufungui choo; figo huyatoa tu.

Kutembea kwa kasi au mazoezi ya nusu saa katika siku nyingi za juma huchangamsha mwili na matumbo pia, hasa kwa wanaoshinda kitini mbele ya kompyuta.

Muhimu zaidi ni ratiba. Mwenye tatizo hili atenge dakika tano hadi kumi dakika 15 hadi 30 baada ya kiamshakinywa, kila siku, aende msalani hata kama hahisi haja. Simu ya mkononi ibaki nje, kwani kuketi muda mrefu kwenye choo huongeza shinikizo linaloleta bawasiri.

Wazee waliochuchumaa kwenye choo cha shimo hawakuwa nyuma ya wakati. Mtu akichuchumaa, pembe iliyopo kati ya puru na njia ya haja hunyooka na choo hupita kwa urahisi. Anayetumia choo cha kuketi anaweza kupata manufaa hayo kwa kuweka kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo na kupumua bila kubana pumzi.

Dawa: ipi, na lini?

Iwapo majuma kadhaa ya mabadiliko hayo hayakuleta nafuu, dawa zipo, nazo hutofautiana katika utendaji.

Kundi la kwanza ni zinazoongeza wingi wa choo, mathalan maganda ya isabgol yanayopatikana katika maduka ya dawa na ya viungo. Sharti yanywewe kwa maji mengi, la sivyo huweza kuziba badala ya kufungua.

Kundi la pili huvuta maji ndani ya utumbo. Humo mna laktulosi, makrogoli na dawa zenye magnesiamu. Makrogoli ni miongoni mwa zile zilizo na ushahidi thabiti zaidi wa kufaa katika tatizo sugu. Laktulosi na makrogoli huweza kuchukua siku moja hadi tatu, hivyo asiyeona matokeo usiku wa kwanza asiongeze dozi. Wenye ugonjwa wa figo waepuke zenye magnesiamu mpaka waulize daktari.

Kundi la tatu huchochea misuli ya utumbo. Maarufu ni bisakodili na sanamaki, mmea uliotumika Pwani na nchi za Kiarabu kwa karne nyingi. Zikimezwa usiku hufanya kazi baada ya saa sita hadi 12. Hofu ya zamani kwamba huua utumbo haijathibitishwa, lakini kuzitumia kupita kiasi huondoa maji na potasiamu mwilini, jambo linaloweza kudhuru hata moyo.

Hapa ndipo vijana wengi wanaponaswa. Chai za kupunguza unene na dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani na mitandaoni mara nyingi zina sanamaki. Uzito unaopungua huwa ni maji na choo, wala si mafuta, nao hurudi punde mtu anapokunywa maji.

Dhana kwamba choo kikikaa tumboni hutoa sumu inayoenea mwilini nayo ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Mwingereza William Arbuthnot Lane aliiamini kiasi cha kuwakata wagonjwa utumbo mpana. Sayansi imekwisha kuitupilia mbali, lakini wauzaji wa dawa za kusafisha tumbo bado wanaifanyia biashara.

Dalili za kutopuuzwa

Mtu asikawie kwenda hospitalini akiona damu katika choo, akipungua uzito bila sababu, akiwa na upungufu wa damu, au iwapo mwenendo wa choo uliokuwa wa kawaida umebadilika ghafla na kuendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Vivyo hivyo kwa aliye na mzazi au ndugu aliyeugua saratani ya utumbo mpana.

Umri mdogo si kinga. Katika mataifa kadhaa saratani hiyo imekuwa ikiongezeka miongoni mwa watu walio chini ya miaka 50, na mwaka 2021 jopo la wataalamu nchini Marekani liliteremsha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45. Mwigizaji Chadwick Boseman aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2016, na akafariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 43. Ni kweli kwamba damu nyingi za msalani hutokana na bawasiri au mpasuko, lakini anayeweza kulithibitisha hilo ni aliyempima mgonjwa.

Tumbo likivimba na kuuma sana, mgonjwa akatapika na kushindwa kutoa hata hewa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Huenda utumbo umeziba au umejisokota, hali ambayo madaktari wa upasuaji wa eneo hili wanaifahamu vyema. Kumpa mgonjwa huyo dawa ya kuharisha ni kumhatarishia maisha.

Daktari atafanya nini?

Mgonjwa ataulizwa maswali kuhusu choo chake, chakula, dawa na kazi. Afadhali aende akiwa ameandika kwa majuma mawili siku alizopata choo, umbo lake na alichokula. Daktari atapapasa tumbo na huenda akapima njia ya haja kwa kidole, kipimo cha dakika moja kinachoogopwa bure ilhali hufichua mpasuko, uvimbe na misuli isiyolegea. Vipimo vya damu hutafuta upungufu wa damu, kisukari na hitilafu ya tezi. Kamera ya kuchungulia utumbo huhitajika tu kunapokuwa na dalili za hatari.

Kwa wale ambao misuli yao hukaza badala ya kulegea, tiba bora si tembe bali mafunzo. Mtaalamu wa tiba ya viungo humwonyesha mgonjwa kwa kutumia vipimo vya misuli jinsi anavyosukuma, kisha humfundisha kulegeza. Upasuaji hubaki kwa wachache mno ambao njia nyingine zote zimeshindwa.

Anayetaka kuanza leo hahitaji mengi: kiamshakinywa chenye nyuzinyuzi, maji, dakika kumi za msalani bila simu, miguu juu ya kigoda, na daftari la kuandika mabadiliko. Baada ya majuma manne hadi sita, ikiwa hakuna nafuu, hatua inayofuata ni kliniki, si dukani kununua dawa kali zaidi. Walimu na waajiri nao wana sehemu yao: choo safi chenye mlango unaofunga, na ruhusa ya kwenda bila kuulizwa maswali, ni sehemu ya tiba.